Zamu Namba Kumi na Saba

Meli ya watalii ilikuwa inang'oa nanga saa kumi na moja jioni, na saa ya ukutani pale kituoni ilikuwa imeshapita nane na nusu. Inspekta alikuwa uani, ameinama, kichwa ndani ya teksi nyeupe na mgongo wote juani. Madereva wa bandarini walimwita Mama Kalamu, maana aliandika kila alichoambiwa, hata salamu. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni, na mtu mwenye njaa hapendi kuharakishwa.

"Unatafuta nini tena humo?" Mkuu wa kituo alimwuliza akiwa kivulini. "Damu unayo. Kamba unayo. Daftari la zamu unalo. Au unangoja gari lifungue mdomo?"

"Nangoja nielewe, mkuu."

"Wenye meli wanataka jina kabla hawajaondoka. Jina tunalo. Kesho asubuhi mahakamani, basi."

Jina lenyewe lilikuwa la dereva wa teksi hiyo, na hakuna aliyelitumia. Mji mzima ulimjua kama Taratibu. Alikuwa akiendesha kana kwamba kiti cha nyuma kimejaa mayai, na abiria waliochelewa walishamtukana matusi yote yanayojulikana na mengine ya kubuni. Miaka kumi na tisa barabarani, hakuwahi kugonga hata kuku.

Sasa alituhumiwa kwamba asubuhi ile alimbeba bibi mmoja wa miaka sabini na tatu, abiria wa meli, akampora mkoba na kumsukuma kwenye ngazi za mawe nyuma ya posta ya zamani. Bibi aliokotwa saa tano, kichwa kimepasuka. Alikuwa hospitali, hajafumbua jicho, na daktari hakuthubutu kutaja siku ya kufumbua. Daftari la maegesho ya teksi nje ya geti kuu la bandari lilisema wazi: saa nne kasoro dakika tano, abiria mmoja mwanamke, zamu namba kumi na saba. Namba kumi na saba ni ya Taratibu. Kwenye kiti chake cha nyuma palikutwa matone ya damu, na chini ya kiti, kamba ya kuvaa shingoni yenye nembo ya meli, zile ambazo watu wa melini hutundikia kadi zao. Kadi haikuwemo.

Mkuu aliyaona hayo, akaridhika, akaenda zake. Inspekta aliyaona hayo hayo na hakuridhika hata kidogo. Alitoa kichwa ndani ya gari na kwenye kiganja chake palikuwa na kidonge cha pamba, kidogo kuliko gololi, chekundu, kilichokuwa kimejibana kati ya kiti na mlango wa kushoto. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu. Kichwa kilichopasuka hakizibwi na pamba ya namna hii. Isitoshe, bibi alipasuka kichwa baada ya kushuka garini, si kabla.

Akapiga simu hospitali, akapewa muuguzi wa zamu.

"Mgonjwa wenu wa meli alifika na nini mwilini?"

"Gauni, viatu, saa ya mkono, na ile kamba ya shingoni yenye kadi. Nimeviorodhesha."

"Kamba ya rangi gani?"

"Ya bluu."

Inspekta aliitazama kamba iliyokutwa garini. Ilikuwa ya kijivu. Bibi alifika hospitali na yake shingoni, na mtu havai mbili. Asubuhi alipopita bandarini aliwaona abiria mamia kwa mamia wakimiminika, wote wakiwa na za bluu. Za kijivu aliziona kwa watu wawili tu waliokuwa wakisugua sakafu ya ngazi ya meli. Kijivu ni rangi ya wafanyakazi wa melini. Na mfanyakazi wa melini anayedondosha damu kidogo na pamba iliyokunjwa kama kidonge, huyo katoka kung'olewa jino.

Alishuka mahabusu mbio mbio. Kwenye benchi la koridoni alimkuta mke wa Taratibu, mwanamke mwembamba, amejifunga khanga kiunoni, amekaa wima kama yuko darasani.

"Dada, wanasema kesho mahakamani," mke alisema. "Ni kweli?"

"Bado mchana, dada. Subiri kidogo."

Taratibu alikuwa amejikunyata pembeni ya chumba. Inspekta alikaa mbele yake, akafungua daftari na kuweka juu yake kamba na pamba.

"Rudia maelezo uliyonipa saa saba."

"Nilikuwa kwenye foleni asubuhi nzima, afande. Sikubeba mtu."

"Foleni gani hiyo ambayo watu wanang'olewa meno?"

Taratibu aliitazama pamba.

"Ulimbeba mfanyakazi wa meli," Inspekta aliendelea. "Ulimpeleka kwa daktari wa meno. Wakati bibi anaondoka bandarini, wewe ulikuwa upande mwingine wa mji. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilimrudisha mpaka ndani."

"Ndani wapi?"

"Bandarini. Gari langu halina kibandiko cha kuingia. Hilo ni kosa, afande, unalijua kuliko mimi. Leseni inakwenda na maji, na kesi juu. Na mlinzi aliyenifungulia geti la mizigo ana miaka miwili tu astaafu. Na yule bwana mwenyewe alitoka bila ruhusa. Uso ulikuwa umemvimba, analia kama mtoto, nikamwonea huruma. Sasa niwataje wote, wote waharibikiwe?"

"Na zamu yako nani alishika?"

 Inspekta hakuhitaji jibu, utaratibu huo aliujua. Kila dereva ana kibao cha bati chenye namba, na vibao vinaning'inia kwenye ubao wa mpanga zamu. Anayetaka kuchomoka kidogo, kula au kumwona mgonjwa, anakiacha kibao pale pale ili asipoteze nafasi. Namba yake ikifika, mwenzie aliye nyuma anaondoka nayo, na yeye akirudi anachukua namba ya mwenzie. Chama chao kinakataza jambo hilo kwenye karatasi, na wote wanalifanya. Mpanga zamu anaandika namba ya kibao. Gari gani limekichukua, haangalii.

"Nisikilize," Inspekta alisema. "Ukibaki na hadithi ya foleni, daftari la zamu linakufunga. Huyo bwana ndiye shahidi wako pekee na saa kumi na moja anaondoka. Niambie yote, niandike, usaini. Mimi nitampata. Kosa la kuingia bandarini nitalizungumza na Mkuu mwenyewe. Leo utalala kwako."

"Una hakika, dada?" Sasa alimwita dada.

"Nina hakika."

Taratibu akasema yote. Bwana yule ni dobi wa meli, anafua na kupiga pasi mashuka. Jina hakuliuliza. Walitoka saa tatu na nusu, wakarudi saa tano kasorobo kwa kupitia geti la mizigo. Alisaini maelezo ya pili polepole, herufi moja moja, kama anavyoendesha. Ilikuwa saa tisa na robo.

Gari la kituo lilikuwa limeondoka na Mkuu. La pili lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka jana. Inspekta aliyaacha maelezo mezani kwa karani, akatoka barabarani kutafuta usafiri, na hapo ndipo alipoiona kazi. Abiria elfu mbili na kitu walikuwa mjini na wote walitaka kurudi melini saa ile ile. Kila teksi iliyopita ilikuwa imejaa kofia za nyasi na vifurushi. Mabasi makubwa ya watalii yalijipanga kuelekea bandarini, moja nyuma ya jingine, hayaendi wala hayarudi. Alipunga mkono mpaka bega likauma. Mwishowe akadandia pikipiki, akampa dereva anwani ya daktari wa meno aliyotajiwa na Taratibu, maana ilikuwa njiani.

Daktari alikuwa ghorofani, mikono ndani ya mdomo wa mtu. Alijibu bila kugeuka.

"Gego la chini kushoto, saa nne na dakika ishirini. Alisema ni baharia. Jina aliloandika hata mimi silisomi."

"Aliyemleta ulimwona?"

"Nilisikia honi mbili chini. Ndogo, za adabu. Sikuchungulia."

Honi za adabu. Inspekta aliandika, ingawa alijua hakuna hakimu atakayemwachia mtu kwa honi.

Njia ya bandarini iliwala dakika arobaini. Pikipiki ilichomeka kati ya mabasi, ikapanda ukingo wa barabara, ikashuka, na bado ilikuwa saa kumi na dakika kumi walipofika kwenye maegesho ya teksi. Mpanga zamu, baba mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa chini ya mwavuli wake na daftari magotini.

"Kumi na saba ilichukuliwa na nani leo asubuhi?"

"Mimi naandika kibao, Mama Kalamu. Siandiki gari."

"Macho si unayo?"

"Ninayo. Leo nimeyatumia kutazama daftari."

Madereva watano sita waliokuwa wakisikiliza waligeuka wote kwa pamoja, kila mtu akapata kitu cha kufuta kwenye kioo cha gari lake. Inspekta aliwatazama visogo. Mmoja wao alijua, au wote walijua. Akimtaja mwenzie, utaratibu mzima wa kushikiana zamu unaanikwa na chama kinafuta namba zao. Angewabana mmoja mmoja mpaka usiku, lakini meli haikuwa na muda huo.

Pikipiki haziruhusiwi kuvuka geti. Basi la kupeleka abiria kwenye meli lilikuwa pale, mlango wazi, na kondakta wake akaweka mkono mbele.

"Kadi."

"Polisi."

"Mashine haisomi polisi, mama. Asiye na kadi hana bima. Nenda kachukue kibali ofisini."

Ofisi ilikuwa imefungwa, wakubwa wote walikuwa gatini kumuaga nahodha. Akakimbia kuuzunguka ukuta mpaka geti la mizigo. Mlinzi wa hapo alikuwa mzee mwenye mvi, sare imepigwa pasi vizuri sana. Alipoona daftari la Inspekta alisimama.

"Kibali, mwanangu."

"Shikamoo mzee. Sina. Nina shida na mtu mmoja melini."

"Marahaba. Bila kibali siwezi."

"Leo asubuhi ulimfungulia mtu asiye na kibali."

Mzee akashika kufuli la geti. 

Inspekta alitazama saa. Saa kumi na dakika ishirini. Ngazi ya meli ingeinuliwa saa kumi na dakika hamsini. Mtu huyu angeweza kuwa shahidi wa pili, alimwona Taratibu kwa macho yake. Lakini kumhoji ni nusu saa, tena mzee angekana, angeita wakubwa, na geti lisingefunguka. Dobi ndiye mwenye jino lililong'olewa. Dobi ndiye alikuwa muhimu.

"Nifungulie," alisema, "na mimi sitakuuliza lolote. Jina lako halitaingia humu. Nakuahidi."

"Unaniahidi?"

"Nimesema."

Mzee akafungua.

Kutoka getini hadi kwenye meli ilikuwa karibu kilometa mbili, za lami tupu na makontena. Inspekta alikimbia robo ya njia, kisha mbavu zikamkataa. Trekta la kukokota mizigo likapita, akalisimamisha kwa kusimama katikati ya barabara, akapanda kwenye toroli juu ya masanduku ya watu. Alifika chini ya meli nywele zimesimama, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Saa ilikuwa kumi na dakika thelathini na tano, na alijiona mshindi.

Afisa usalama wa meli alishuka kumpokea, kijana nadhifu mwenye adabu nyingi.

"Dobi aliyeng'oa jino leo? Tunaye mmoja mwenye shavu kubwa. Nitamwita. Lakini afande, humu ndani huna mamlaka bila amri ya mahakama. Akitaka, ataongea. Hataki, ni haki yake. Na una dakika kumi."

"Zinatosha."

Dobi alikuja na msimamizi wake nyuma yake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono imechakaa kwa sabuni, shavu la kushoto limejaa. Kadi yake haikuwa na kamba. Ilikuwa imebanwa kifuani kwa pini.

"Pole na jino," Inspekta alisema.

"Ahsante." Sauti ilitokea upande mmoja wa mdomo.

"Limetoka lini?"

Dobi alimwangalia msimamizi. "Leo."

"Wapi?"

"Humu humu. Lilikuwa linacheza. Nikalivuta."

"Gego, ukalivuta mwenyewe?"

"Nikalivuta."

"Kamba yako iko wapi?"

"Ilikatika juzi."

Inspekta alitoa kamba ya kijivu. "Ni hii?"

"Zote zinafanana," afisa usalama alisema kwa upole. "Na wengi wanatumia pini."

"Leo asubuhi ulitoka nje ya bandari kwa teksi nyeupe," Inspekta alimwambia dobi. "Dereva wake anaendesha polepole sana. Alikusubiri chini kwa daktari, akakurudisha mpaka geti la mizigo. Mtu huyo yuko ndani sasa hivi. Anasingiziwa kupora na kujeruhi, na aliyeumizwa akifa itakuwa kesi ya kunyongwa. Anayejua kwamba hakufanya ni wewe peke yako. Sikuulizi kingine. Ulikuwa naye, au hukuwa naye?"

 Msimamizi alifunua karatasi ya orodha aliyokuwa ameishika, akaangalia jina fulani, akangoja. Inspekta alijua maana ya orodha ile. Aliyetoka bila ruhusa anashushwa bandari inayofuata, na hakuna meli itakayomchukua tena.

Macho ya dobi yalijaa machozi. Pengine ni maumivu ya jino, pengine si hayo.

"Simjui," alisema.

"Ana watoto watatu."

"Na mimi ninao wanne, mama," alisema chini chini, kwa sauti ambayo msimamizi asingeisikia. Kisha akarudia kwa nguvu: "Simjui mtu huyo. Sijatoka melini."

Afisa usalama aliomba hayo yaandikwe, dobi asaini, na nakala moja ibaki melini. Ndio utaratibu wao. Inspekta aliandika kwa mkono wake mwenyewe: *Shahidi amekana.* 

Ngazi ikainuliwa saa kumi na dakika hamsini kamili. Watu wa kwenye meli walipunga vitambaa, bendi ikapiga, na wakubwa wa bandari wakapunga nao kutoka chini. Inspekta alisimama kati yao na kiatu chake kibovu, akaitazama meli nzima, na shahidi wake ndani, ikijisogeza pembeni ya gati. Hakuna alichoweza kufanya. Hata mlango wa kugonga haukuwepo.

Simu yake iliita akiwa njiani kurudi getini, kwa miguu. Alikuwa Mkuu.

"Karani kanipa maelezo ya pili ya yule bwana wako," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Umefanya kazi nzuri. Saa saba anasema alikuwa foleni, saa tisa anasema alikuwa bandarini. Mwongo kwa maandishi yake mwenyewe. Na kuingia bandarini bila kibali kakiri, nimeliongeza shitaka. Huyo baharia umempata?"

"Nimempata. Amekana."

"Ndiyo hivyo. Mambo yamekwisha."

"Mkuu, ana jino limeng'olewa, ana..."

"Yuko wapi?"

Inspekta aligeuka kutazama. "Anaondoka."

"Basi," Mkuu alisema, akakata.

Mlinzi mwenye mvi alikuwa bado zamu. Inspekta alisimama mbele yake.

"Mzee wangu. Nakuomba sasa."

"Ulisema hutaniuliza."

"Nilisema."

"Nilikufungulia kwa neno lako hilo, mwanangu. Ningejua, nisingefungua." Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu tu, hofu ya mtu mzima, isiyo na mahali pa kujificha. "Sikumwona mtu asubuhi. Hata wewe sijakuona."

Inspekta angeweza kumshika palepale. Lakini angemshika kwa lipi? Kwa neno la mtuhumiwa, ambaye sasa alikuwa mwongo kwa maandishi? Alitoka nje, na mzee akafunga geti nyuma yake kwa uangalifu, bila kelele.

Mke wa Taratibu alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Alikuwa ametoka kituoni kwa miguu, vumbi limemfika magotini. Alimwona Inspekta, akavuka bila kuangalia magari.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Ni yeye? Mwenye jino?"

"Ni yeye."

Uso wa mwanamke ulichangamka mpaka Inspekta akalazimika kutazama pembeni.

"Amekataa, dada. Amesema hamjui mumeo. Amesaini."

 Mabasi matupu ya watalii yalikuwa yakirudi mjini, moja baada ya jingine, taa za ndani zimewashwa.

"Basi ile karatasi ya pili ichane," mke alisema hatimaye. "Arudi kwenye yale ya kwanza. Kwamba alikuwa foleni. Wenzake watamsemea, mimi nitawaomba mmoja mmoja. Nitawapigia magoti."

"Haiwezekani. Mkuu anayo. Ameshasaini."

"Alikuwa hataki kusema. Nilikuwa pale koridoni, nilimsikia, alikuwa hataki." Alitafuta neno. "Nani alimwambia asaini?"

Inspekta alikuwa na daftari mkononi, kalamu katikati ya kurasa.

"Mimi," alisema.

Mke alimtazama kwa muda, si kwa chuki, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona. Kisha akafungua khanga kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu.

"Basi ukamwambie wewe," alisema. "Anakusubiri. Alinituma nimchukulie shati safi la kurudia nyumbani."